Kompyuta Inazimika Kila Mara? Uliza Kwanza: Saa Ngapi?



Siku hizi, katika jamaa nyingi, hata kule kwenye kambi za migodi, kuna kompyuta moja nyumbani. Wengi wetu tunaiita ordinatere. Mara nyingi si mpya. Ilitumika miaka kadhaa katika ofisi fulani ya Ulaya, halafu ikaingia kontena, ikafika kwetu kama mali ya okazyo. Watoto wanajifunza juu yake, mama anachapa barua za watu, baba anaandika hesabu zake.

Halafu siku moja inazimika yenyewe katikati ya kazi. Kesho yake haitaki kuwaka. Keshokutwa inawaka vizuri kabisa, sawa kitu ambacho hakijaugua hata siku moja. Ninyi mliopata taabu hiyo mnajua vile inachosha roho, kwa sababu ugonjwa wenye kuja na kwenda ni mgumu kuukamata kuliko ule wenye kukaa.

Leo nataka kuwaambia jambo moja tu: ugonjwa wa namna hiyo una saa zake. Mtu akizijua saa hizo, amekwisha kupata nusu ya dawa. Asipozijua, atalipa mafundi bure, atagombana na watu wa nyumba yake, na mwisho atatupa mashini ambayo ilikuwa bado nzima.

YALIYOTUPATA

Mimi ninakaa Kisangani, komini ya Mangobo. Barazani niko na meza ya kuchapa maandishi: barua za kuomba kazi, mialiko ya ndoa, na zaidi TFC za wanafunzi, ni kusema ile kazi wanayoandika mwisho wa masomo. Kompyuta hiyo ndiyo inayolipa nusu ya chakula chetu. Na mwaka wa 2021 ilikuwa imebeba pia kazi ya binti yetu mkubwa, aliyekuwa mwaka wake wa mwisho. Zilibaki wiki tatu kabla ya siku ya kupeleka TFC yake.

Ndipo mashini ilipoanza kuanguka. Kioo kinakuwa cheusi, halafu inajiwasha tena yenyewe. Mara nyingine kinageuka bluu na maandishi meupe. Asubuhi fulani tunabonyeza kifungo, feni inazunguka kidogo, inanyamaza.

Nyumbani tunakaa na mdogo wa mume wangu, ambaye watoto wanamwita baba mdogo. Yeye alipata jibu siku ya kwanza: «Ni huyu mutoto na michezo yake!» Alimsema kijana wetu wa pili, wa miaka 14. Kijana akajibu: «Baba mudogo, miye sikugusa kitu.» Lakini dada yake alikuwa na hofu ya TFC, na mtu mwenye hofu anataka kupata mkosaji upesi. Mimi nilisema tungoje tuone kwanza. Hata hivyo, kijana alikatazwa kukaribia meza, na kwa siku nyingi alikula chakula chake peke yake kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Kwa hiyo shida haikuwa tena ya mashini tu.

Tukafunga sanduku la kompyuta ndani ya kitenge, binti akapanda toleka, ile baiskeli ya kubeba watu mnayoijua, akalipeleka kwa fundi mmoja katikati ya mji. Fundi akasema: «Ni virusi.» Na kweli virusi vilikuwamo, maana flashi za wanafunzi zinatembea kutoka mashini hadi mashini. Akasafisha, akaweka Windows upya, tukalipa dola 10. Kwake ilifanya kazi toka asubuhi mpaka jioni bila kosa. Kwetu, jioni ileile, ilianguka kabla sijamaliza ukurasa wa tatu.

Ikarudi kwa fundi mara ya pili. Mambo yakawa yaleyale. Fundi akasema: «Mama, hapa kwangu inatembea muzuri. Kwenu njo kuko neno.»

Watu wa mtaani waliposikia maneno hayo, kila mmoja aliyafasiri kwa namna yake. Mama mmoja aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mutu anatuangalia vibaya. Lakini jirani yetu, mekanisye wa pikipiki, aliyasikia tofauti. Akaniuliza swali moja: «Mama, inakufaka saa ngapi?»

Sikuwa na jibu, na hakuna mtu wa nyumba yetu aliyekuwa nalo. Yeye akaendelea: «Pikipiki yenye kukufa asubuhi na baridi, na ile yenye kukufa kisha kutembea mbali, ugonjwa yao si moja. Fundi mwenye kukosa kuuliza wakati, anatafuta na macho ya kufunga.»

DAFTARI

Siku hiyohiyo binti alichukua daftari la shule, akachora mistari. Tarehe. Saa. Mtu aliyekuwa mezani. Kazi iliyokuwa inafanyika. Kioo kilionyesha nini. Mvua au jua. Na mwisho, taa ya nyumba ilikuwa namna gani.

Kwa siku kumi na moja mashini ilianguka au ilikataa kuwaka mara 13. Tulipoyasoma pamoja, mambo yalijipanga yenyewe. Mara 9 ilikuwa kati ya saa kumi na mbili na saa mbili na nusu za usiku. Mara 3 ilikuwa asubuhi mapema, kisha usiku wa mvua kubwa. Mara 1 tu ilikuwa mchana. Na karibu na zile mara 9 za jioni, binti alikuwa ameandika neno lilelile juu ya taa: «nyekundu».

Sote tulikuwa tumeona ile taa ikififia jioni kama kaa la moto linalozimika. Tulikuwa tumezoea. Lakini kuona vitu viwili si sawa na kuviunganisha. Ni daftari lililoviunganisha.

Daftari lilisema jambo la pili pia. Katika zile mara 13, kijana wetu hakuwa mezani hata mara moja, na mara 11 hakuwa hata nyumbani.

KWA NINI JIONI?

Kituo cha umeme cha hapa kiko kwenye maporomoko ya mto Tshopo. Kilianza kazi mwaka wa 1955, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Stanleyville na ulikuwa mdogo kuliko leo. Kina mitambo mitatu. Mji umekua sana tangu siku zile. Na katika mji wowote wa namna hii, kabini moja inalisha nyumba nyingi, kwa waya ndefu na nyembamba. Jioni kila mama anawasha resho yake, taa zote zinawaka, na umeme unaofika kwa nyumba ya mwisho umekwisha kupungua nguvu njiani. Ni sawa na maji ya mfereji: wakifungua wengi kwa juu, wa chini anapata matone.

Tulimwita fundi wa umeme kutoka Lubunga; akavuka mto kwa pirogi na kipimo chake mkononi. Saa nne za asubuhi kilionyesha volti 214. Saa moja ya usiku kilionyesha volti 152. Kompyuta yetu iliandikwa mgongoni kwamba inataka volti 200 hadi 240. Kwa hiyo jioni ilikuwa inafanya kazi na njaa. Sasa mnaelewa kwa nini kwa fundi wa kati ya mji haikuanguka: umeme wa kwake ulikuwa na nguvu, na tena aliifanyia kazi mchana.

Lakini zile asubuhi tatu za mvua je? Hapo ndipo tuliona kwamba mashini moja inaweza kuwa na magonjwa mawili. Ndani ya kompyuta kuna sanduku dogo la chuma ambalo linapokea umeme wa ukuta na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Fundi alipima ule wa volti 12 wakati mashini inafanya kazi. Haupaswi kushuka chini ya 11.4. Wetu ulikuwa 11.1. Sanduku lilikuwa limechoka. Ndani yake kuna vikopo vidogo vinavyoweka akiba ya umeme, na vikizeeka, kichwa chake kinavimba na nguvu inapungua, zaidi wakati wa baridi ya asubuhi. Mashini nyingi zilizotengenezwa karibu na miaka ya 1999 hadi 2007 zilijulikana dunia nzima kwa vikopo vibaya vya namna hiyo. Ukifungua kompyuta yako ukaona vikopo juu ya ubao mkubwa vimevimba kichwa au vinatoa maji ya rangi ya kahawa, umeona ugonjwa kwa macho.

Tukatoa sanduku kutoka kwa kompyuta nyingine iliyokuwa imekufa, kwa dola 15. Tukanunua stabilizatere ya okazyo. Na kwa kuwa hata stabilizatere haifanyi muujiza, tukabadili saa za kazi: kuchapa ni kuanzia saa mbili za asubuhi mpaka saa kumi. Jioni mashini inapumzika. Ilifanya kazi namna hiyo, na TFC ilipelekwa kwa siku yake.

USHAURI: TOKA NJE, NENDA NDANI

Sasa niwape kwa mpango yale tuliyojifunza, ili asiwepo mwingine wa kulipa dola 20 bure.

1. Linda maandishi kwanza, ugonjwa utafute baadaye. Mashini inaweza kupona au kufa, lakini maandishi yakipotea hayarudi. Ikiwa inawaka bado hata kidogo, nakili kazi zako kwenye flashi mbili, moja ikae nyumbani, nyingine kwa ndugu wa nyumba nyingine. Ikiwa haiwaki kabisa, usilie upesi. Maandishi yanakaa ndani ya diski, na diski inaweza kutolewa na kuunganishwa kwa mashini nyingine kwa waya wa USB wa kazi hiyo. Binti yetu alipata kurasa zake zote kwa njia hiyo. Na mtu akitaka kukuwekea Windows upya, umwulize mbele: «Umekwisha kunakili maandishi yangu?» Asipojibu ndiyo, usimwachie mashini.

2. Jua inaanguka katika hatua gani. Ninyi wa migodini mtaelewa vizuri. Kabla watu wa zamu hawajashuka chini ya ardhi, kuna mambo ya kuangalia: taa, hesabu ya watu, hewa, kamba. Moja likikosa, hakuna anayeshuka. Kompyuta nayo inafanya hivyo kila inapowaka. Kwanza umeme unafika. Pili, programu ndogo iliyo juu ya ubao inahesabu viungo: memori iko? diski iko? kioo kiko? Tatu, inatafuta Windows ndani ya diski. Nne, Windows inaamka. Basi angalia imesimama wapi. Hakuna taa, hakuna feni: tafuta kwenye umeme. Feni inazunguka, kioo ni cheusi, na unasikia sauti za «bip»: hesabu hizo sauti na uziandike, maana ni namna ya mashini kusema kiungo gani kinakosa, mara nyingi memori. Inasema haioni diski: angalia waya wa diski, halafu diski yenyewe. Windows inaanza lakini haimalizi: huenda ni Windows, virusi, au diski inayochoka.

3. Anza na ukuta. Jaribu prizi nyingine, waya mwingine, ondoa ralonge yenye kuunguzwa. Pima volti mchana na jioni. Ikiwa unatumia jenereta, iwashe kwanza, iache itulie dakika chache, ndipo uunganishe kompyuta. Na kabla ya kuzima jenereta, zima kompyuta. Umeme wa mji ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika tano, kwa sababu mara nyingi unarudi kwa kishindo, na kishindo hicho kinaua kuliko giza. Tena, mgongoni mwa masanduku mengine ya zamani kuna kifungo kidogo chekundu chenye namba 115 na 230. Kwetu lazima kikae kwa 230. Mtoto akikisukuma kwa 115 na umeme wa ukuta ni 220, sanduku litalipuka mara moja.

4. Angalia joto na uchafu. Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Joto na unyevu ni wa mwaka mzima. Kolwezi na Likasi vumbi la kiangazi linaingia kila mahali. Ikiwa mashini inaanguka kisha nusu saa au saa moja ya kazi, na ikipoa inawaka tena, fikiri joto. Kichwa cha kompyuta kikikaribia digrii 100 kinajizima chenyewe ili kisiungue. Chomoa umeme, fungua ubavu, ondoa vumbi kwa brashi laini, angalia kama feni inazunguka bila kukwama. Chini ya feni kuna dawa ya kupitisha joto. Kisha miaka mingi inakauka kama udongo, na fundi anaweza kuibadili kwa bei ndogo.

Na wadudu pia! Katika yetu tulikuta sisimizi wamejenga kwenye kona, na mayai yao. Msicheke. Tarehe 9 Septemba 1947, kwenye chuo cha Harvard huko Marekani, watu wa kompyuta kubwa iliyoitwa Mark II walitafuta kosa, wakakuta nondo amenaswa ndani ya mashini. Walimbandika ndani ya daftari lao la kazi, na ukurasa huo umehifadhiwa mpaka leo. Angalieni: hata wao walikuwa na daftari.

5. Memori. Hizi ni vibao vyembamba vyenye meno ya rangi ya dhahabu. Na ni dhahabu kweli, iliyopakwa nyembamba sana. Mjue, vijana wa migodini, kwamba ndani ya mashini hii kuna kazi ya mikono ya watu wetu: shaba katika waya, bati katika kuunganisha, tantali inayotoka kwenye koltani ndani ya vikopo vidogo, na kobalti katika betri za kompyuta za kubeba. Dhahabu waliichagua kwa sababu haishiki kutu. Lakini inashika uchafu na unyevu, na kibao kikitikisika juu ya toleka au gari kinaweza kuachia kidogo. Kwa hiyo: chomoa umeme, gusa chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini utoke, toa kibao, futa meno yake taratibu kwa gome ya penseli iliyo safi, kirudishe mpaka usikie kimekamata. Ikiwa kuna vibao viwili, jaribu kimoja, halafu kingine. Kile ambacho mashini inaanguka nacho tu, ndicho kigonjwa.

6. Diski. Sikiliza. Diski ya zamani inayogonga «tak, tak, tak» inaaga. Usiijaribu-jaribu, nakili maandishi na uibadili. Ikiwa haigongi, na umekwisha kunakili, Windows iko na programu inaitwa chkdsk ya kukagua diski; inaweza kuchukua saa nyingi, kwa hiyo usiianze kama umeme hauna uhakika.

7. Betri ndogo. Ikiwa kila asubuhi kompyuta inasema ni mwaka wa zamani, au inasahau mipango yake, ni ile betri ya mviringo juu ya ubao, namba CR2032, ya volti 3. Bei yake ni ndogo. Wengine wamebadili Windows mara tatu kwa sababu ya betri hiyo tu.

8. Virusi na Windows viwe mwisho. Sisemi si kitu. Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashini nyingi za kwetu ziko bado na hizo. Zilindeni na flashi za watu. Lakini kuweka Windows upya hakuongezi volti, hakuondoi vumbi, hakuponyi kikopo kilichovimba. Fundi anayeanza na Windows bila kuuliza swali anaanza mahali panapompendeza yeye.

Na juu ya yote: badili kitu kimoja tu kwa mara moja, halafu andika. Ukibadili vitatu siku moja na mashini ikapona, hutajua ni kipi kilichoponya, na umelipa viwili bure.

Neno la hatari: lile sanduku la chuma la kugawanya umeme, msilifungue ninyi wenyewe. Hata likichomolewa, vikopo vyake vinaweza kuwa bado na umeme wa kutosha kumwumiza mtu. Libadilini zima, au mwachieni fundi wa kweli.

KWA WAZAZI NA KWA VIJANA

Wazazi wapenzi, chombo kikiharibika nyumbani, macho yote yanamgeukia mtoto. Ni rahisi. Mtoto hana kipimo cha volti cha kujitetea. Huenda kweli amegusa, watoto wanagusa. Lakini kumshtaki kabla ya kuangalia kunafanya mambo mawili mabaya: mtoto anajifunza kwamba ukweli wake hauna bei, na ugonjwa wenyewe unaendelea kwa sababu hakuna anayeutafuta tena.

Kwetu, mtu mkubwa hasemi «nisamehe» mbele ya mtoto kwa urahisi. Baba mdogo hakuyasema maneno hayo. Lakini jioni ile fundi wa Lubunga aliposoma kipimo mbele yetu sote, baba mdogo alikaa kimya muda mrefu, halafu alichukua daftari kutoka mkononi mwa binti, akamkabidhi kijana. «Toka leo weye njo utaandika,» alisema. Kijana alilipokea kwa mikono miwili. Usiku ule hakula kwenye ngazi.

Na ninyi vijana, mnaotafuta kazi wakati kuchimba hakulipi na ofisi zimejaa, fikirini juu ya ufundi huu. Mashini za okazyo zinaingia nchini kila mwezi, na zote siku moja zitaugua. Watu hawakosi mafundi wa kuweka Windows. Wako kila kona. Wanakosa fundi mwenye kuuliza kabla ya kufungua, mwenye kipimo cha volti mfukoni, na mwenye kumwambia mteja bila haya: «Mashini yako iko nzima, ni umeme ya nyumba yako.» Fundi wa namna hiyo atapoteza dola 10 leo, na kesho mtaa mzima utamtafuta.

Basi nunueni daftari moja, liwekeni kando ya kompyuta kabla haijaugua, na fungeni kalamu kwa kamba ili isipotee. Siku itakapoanguka, msiulize kwanza nani ameigusa. Andikeni saa.